Unga Kwenye Lenzi

Katika nyumba ya Mwokaji unga haukosekani. Uko kwenye viatu vyake. Uko kwenye kitasa cha mlango. Uko mpaka kwenye nyusi zake. Mama yake mzazi, ambaye tutamwita Bibi kama mjukuu wake amwitavyo, humtania kila siku akiingia.

"Karibu, mzee mwenzangu. Leo umenizidi mvi."

Mwokaji huamka mapema kuliko jogoo wa jirani. Huenda kiwandani kuoka mikate. Saa nane mchana amekwisha kurudi. Hunawa, hula, hujinyoosha kidogo kwenye kiti. Kisha hufanya jambo analolipenda kuliko yote. Huchukua kamera yake.

Kamera hiyo aliinunua mwaka juzi kwa mwenzake wa kazini. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyepona. Mwokaji amempiga picha mkewe, binti yake, mama yake, paka, na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba akaondoka mbio.

Shida ilikuwa moja. Picha zilikuwa mbaya.

Tusimung'unye maneno. Zilikuwa mbaya kweli kweli. Nyuso za watu zilikuwa na giza kama chini ya sufuria. Juu ya giza kulikuwa na ukungu. Nyingine zilikuwa zimetikisika, mtu mmoja ana pua mbili. Kuna picha moja ambayo Bibi ameketi vizuri, mikono magotini, na ufagio umeota katikati ya kichwa chake.

Bibi huvaa miwani yake. Huitazama picha kwenye kioo cha kamera. Huigeuza juu chini.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Nilidhani ni gunia la viazi."

Hapo nyumba nzima hucheka. Mwokaji naye hucheka, lakini kicheko chake huwa kifupi. Moyoni huumia.

Mkewe ni fundi wa mapazia. Watu humwita Mama Pazia. Cherehani chake kiko chumba cha mbele, karibu na dirisha kubwa. Dirisha hilo ndilo duka lake. Ametundika hapo pazia jeupe, jepesi, la maua ya kutarizi. Alilishona kwa siku tisa. Kila apitaye barabarani hulitupia jicho.

Kwa hiyo Mama Pazia aliweka sheria. Picha yoyote ya nyumbani ipigwe mbele ya dirisha, ili pazia lionekane.

"Picha ni tangazo," husema. "Mtu akiiona, aone na kazi yangu."

"Na sisi je, mama?" huuliza binti yao. Binti huyu ana miaka kumi na minne. Wanamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki.

"Nanyi mtaonekana tu."

Hawakuonekana. Pazia lilitoka vizuri, kila ua na jani lake. Watu waliosimama mbele yake walitoka vivuli.

Jumatatu moja jioni walikuwa mezani. Simu ya Bibi ililia mara mbili, dakika chache kati ya simu na simu. Alipoiweka chini mara ya pili, alikuwa akitabasamu na macho yamemlengalenga.

"Wanakuja," alisema. "Wote wawili. Jumamosi."

"Nani, bibi?" Chiriku aliuliza.

"Shangazi yako na baba yako mdogo. Jumamosi natimiza miaka themanini. Wanakuja kunitazama."

Bibi alizaa watoto watatu. Wa kwanza ni Dada Mkubwa, muuguzi katika mji wa mbali. Wa pili ni Mwokaji. Wa mwisho ni dereva wa lori. Dada Mkubwa akipata ruhusa, Dereva yuko safarini. Dereva akirudi, Dada Mkubwa yuko zamu. Mambo yakaenda hivyo mwaka baada ya mwaka.

"Miaka kumi na mmoja," Bibi alisema. "Miaka kumi na mmoja sijawaona wanangu watatu katika chumba kimoja. Hata Jumamosi ni kwa saa chache. Dereva anaondoka saa kumi alasiri, lori halimsubiri."

"Basi tukununulie nini, mama?" aliuliza Mama Pazia. "Nguo? Viatu?"

"Sitaki nguo. Miguu yangu ina viatu vya kutosha. Nataka picha moja. Mimi na wanangu watatu. Nyuso zote zionekane, kila mtu na macho yake."

Mwokaji aliacha kutafuna.

"Baba yenu aliniachia picha moja tu," Bibi aliendelea. "Mnaijua. Siku ile kuku aliingia ndani, baba yenu akageuka kumfukuza, mpiga picha akabonyeza. Sasa ni miaka ishirini natazama sikio. Ni sikio zuri, sikatai. Lakini uso wake umeanza kunitoka. Najitahidi kuukumbuka, hauji wote." Alimtazama Mwokaji. "Nyinyi sitaki mnipotee hivyo."

Chiriku alimsogelea bibi yake.

Mwokaji alisukuma sahani. "Kesho nakwenda kununua lenzi mpya. Ile ndefu. Kamera hii imechoka."

"Ile ndefu kama mchi wa kutwangia?" Mama Pazia aliuliza. "Itakusaidia nini? Watu wenyewe watakaa hapa, hatua tatu kutoka kwako."

"Baba, muulize Fundi Miwani," Chiriku alisema. "Pale dukani kwake ukuta mzima una picha. Kapiga mwenyewe. Kuna picha ya mzee mmoja, unaona mpaka kope zake. Halafu kuna ya paka, halafu kuna ya—"

"Yule ni fundi wa miwani," Mwokaji alimkata. "Anajua nini kuhusu kamera?"

Bibi alimtazama juu ya miwani yake. "Na wewe ni fundi wa mikate. Mbona unayo? Kuuliza si ujinga, mwanangu."

Alhamisi alasiri, Fundi Miwani alipiga hodi. Yeye ni jirani yao, mlango wa pili. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Mchana hukata vioo vya miwani, na siku za mapumziko hupiga picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia. Mgonjwa yuko hapa." Bibi alielekeza kidole kwenye kamera, si kwa mtu.

Fundi Miwani alicheka. Aliishika kamera, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga, akaichungulia lenzi. Kicheko kikamkauka.

"Shemeji, hii ni lenzi au ubao wa kukandia?"

"Naisafisha kila siku!" Mwokaji alijitetea.

"Hebu nionyeshe unavyosafisha."

Mwokaji alishika pindo la aproni yake ya kazini. Aliihemea lenzi, hah, hah. Akaisugua kwa nguvu, kama mtu anayeng'arisha kiatu.

"Basi! Basi!" Fundi Miwani alipiga kelele mpaka paka akaruka. "Shemeji, unataka kuipofusha? Aproni yako ina unga. Ina siagi. Ina sukari. Siagi inapaka ukungu. Sukari inakwaruza kioo. Huo ukungu wa picha zako zote unatoka hapo kiunoni mwako."

Mwokaji aliitazama aproni yake kana kwamba ndiyo anaiona kwa mara ya kwanza.

Fundi Miwani alitoa vitu viwili mfukoni. Kimoja kilikuwa kipulizio kidogo cha mpira. Cha pili kilikuwa kitambaa laini, kile wanachopewa watu wanaonunua miwani.

"Kwanza nawa mikono. Halafu puliza vumbi. Usipulize kwa mdomo, mdomo una mate. Vumbi likiisha, ndipo ufute. Taratibu, anzia katikati, zunguka kuelekea ukingoni. Ukimaliza, funika lenzi na kifuniko chake. Na kitambaa hiki hakifuti kitu kingine. Hakifuti meza, hakifuti jasho."

"Na simu yangu?" Chiriku aliuliza. "Ina kamera na mimi naiweka mfukoni na karanga."

"Hivyo hivyo. Lenzi ya simu nayo ni lenzi. Na karanga zihamishe."

Mwokaji alinawa. Akapuliza. Akafuta. Alipotazama tena kupitia kamera, alisema neno moja tu: "Lo!"

"Haya, sasa mpige mama picha kama ulivyozoea," alisema Fundi Miwani.

Bibi alisimama mbele ya dirisha, pazia nyuma yake. Mwokaji alirudi nyuma mpaka mlangoni. Alivuta picha karibu kwa kitufe mpaka mwisho. Akabonyeza, paa! Flashi ikawaka. Bibi akafumba macho.

Wote walisogea kutazama. Ukungu ulikuwa umekwisha, lakini Bibi alikuwa bado gunia la viazi, tena lililolala.

"Mama, wewe ukitoka ndani ukatazama jua, jicho linafanyaje?" Fundi Miwani aliuliza.

"Linajikunja. Sioni kitu."

"Na kamera ni jicho. Dirisha liko nyuma yako, jua linaipiga usoni. Inajikinga. Ikijikinga, aliye mbele yake anabaki gizani. Dawa yake haina gharama. Geukeni. Mpiga picha alipe dirisha mgongo. Mpigwa picha alitazame dirisha."

Wote walimtazama Mama Pazia. Yeye alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Kwa hiyo pazia langu lipewe mgongo?"

"Jirani—"

"Siku tisa! Maua mia na arobaini, nimeyahesabu. Leo liwe kama nguo iliyoanikwa?"

Fundi Miwani hakubishana. Alilifungua pazia lote, jua likaingia kali. Akamkalisha Bibi akitazama dirisha. Bibi alikunja uso, machozi yakamtoka. Kisha Fundi akalifunga pazia jeupe. Mwanga ukapoa mara moja. Ukamwangukia Bibi mashavuni kama maziwa. Uso wake ukalegea.

"Unaona?" alisema Fundi Miwani. "Jua kali huchora vivuli vibaya chini ya macho. Pazia lako jepesi linalilainisha. Pichani halitaonekana, ni kweli. Lakini bila hilo, hakuna uso utakaopendeza."

Mwokaji alikuwa amekwisha kubonyeza. Alimpa mkewe kamera. Mama Pazia alitazama, akasogeza kioo karibu na macho.

"Mama! Una kidoti shavuni! Miaka kumi na sita tuko pamoja, sijawahi kukiona pichani."

"Mume wangu alikuwa anakipenda hicho," Bibi alisema, akakigusa.

Mama Pazia alishusha mikono. "Haya. Pazia litafanya kazi kwa siri. Lakini mkumbuke nimekubali."

Vita vya pazia vilikuwa vimekwisha, basi Fundi Miwani akamgeukia Mwokaji.

"Sasa wewe. Zima flashi. Ndiyo inayomfumbisha mama macho, na inamulika kwenye miwani yake. Mama, inamisha kidevu kidogo, hivyo, kioo cha miwani kisiakisi dirisha. Shemeji, kwa nini umesimama mlangoni?"

"Navuta kwa kitufe."

"Usivute kwa kitufe. Miguu unayo. Ukivuta kutoka mbali, kila mtikisiko wa mkono nao unakua. Sogea. Tena usimpige mtu aliyeketi ukiwa umesimama. Utampiga utosi. Lete macho yako sawa na macho yake."

"Nipige magoti?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Bibi alijibu kwa niaba ya Fundi.

Mwokaji alipiga magoti. Alibonyeza. Picha ikatikisika.

"Unabonyeza kama unaua mbu," alisema Fundi Miwani. "Niambie, donge likiumuka unajuaje?"

Hapo Mwokaji alikuwa nyumbani. "Nalibonyeza kwa kidole. Polepole. Ukilipiga, linashuka."

"Basi kitufe ni donge. Bana viwiko kwenye mbavu. Toa pumzi. Bonyeza nusu kwanza, kamera ilenge. Lenga jicho la mtu, si kifungo cha shati. Ikikuonyesha iko tayari, malizia. Polepole."

Mwokaji alivuta pumzi, akaitoa. Kidole kilishuka kama kinavyoshuka kila alfajiri kwenye donge la kwanza. Safari hii hakuna kilichotikisika. Kope za Bibi zilionekana moja moja.

Lakini zilikuwa zimefumbwa.

"Mimi kila mara nafumba," Bibi alikiri. "Nikijua inakuja, nafumba."

"Kuna ujanja wake. Fumba sasa hivi, kabisa. Shemeji atahesabu. Akisema tatu, fumbua."

Moja. Mbili. Tatu. Bibi alifumbua macho, na kwa kuwa jambo lenyewe lilimchekesha, alifumbua na tabasamu.

Kabla ya kuondoka, Fundi Miwani alitazama ukuta ambao watu wangekaa mbele yake. Aliondoa ufagio. Aliondoa kalenda. Aliondoa koti lililoning'inia kwenye msumari.

"Kabla hujabonyeza, pitisha jicho pembe zote nne," alimwambia Mwokaji. "Kitu kisichohusika kitoe. Kesho usiku jaza chaji, hamisha picha za zamani, kadi ibaki na nafasi. Tena usingoje Jumamosi ndiyo ujifunze. Kesho piga picha hamsini. Hata za mikate."

Mwokaji alipiga mia moja na mbili. Alipiga mikate karibu na dirisha la kiwandani. Alipiga mikono ya wenzake ikikanda. Alinawa mara nyingi mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi ilifika. Dada Mkubwa aliingia saa tano. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, hakumwachia. Walilia, wakacheka, wakalia tena. Mama Pazia alimkumbatia wifi yake, na Chiriku alimsimulia shangazi yake habari za miaka mitatu kwa dakika kumi.

Ikabaki kumngoja Dereva. Saa saba, hayupo. Saa nane, hayupo. Bibi alikaa karibu na dirisha, kila gari likipita anainuka. Mwokaji aliifuta lenzi mara tatu, ingawa ilikuwa safi. Kama Dereva hatafika, ile picha haipo, na nani ajuaye mwaka gani watakutana tena?

Saa tisa na robo breki zililia barabarani. Dereva aliruka chini, jasho linamtiririka.

"Mama! Nisamehe! Barabara ilifungwa!"

"Njoo hapa," Bibi alisema. Akamfuta jasho usoni.

Dereva alikula mkate akiwa amesimama. Alikuwa na dakika arobaini. Mwokaji aliwapanga. Bibi katikati, kwenye kiti, anatazama dirisha. Dada Mkubwa kulia, Dereva kushoto, wote wamesogea mstari mmoja na Bibi, ili kamera iwaone wote sawasawa. Ukuta mtupu. Pazia limefungwa, mwanga umepoa. Flashi imezimwa. Mwokaji alipiga magoti, akabana viwiko.

"Fumbeni macho. Moja. Mbili—"

"Ngoja," alisema Bibi, macho bado kayafumba. "Hapa wamekaa wangapi?"

"Wawili, mama. Dada na Dereva."

"Na mimi nilizaa wangapi?"

Mwokaji alishusha kamera. Alimtazama mkewe. Mkewe akamtazama Chiriku. Wiki nzima walikuwa wamefikiria lenzi, dirisha, ufagio na kadi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto wa pili wa Bibi ndiye mpiga picha.

Dereva ndiye aliyeanza kucheka. "Kaka, umejisahau mwenyewe!"

"Nipe mimi nibonyeze," alisema Mama Pazia.

"Wewe nawe kaa hapa," Bibi aliamuru. "Mgongo ukiniuma nani ananikanda? Na Chiriku aje. Leo simwachi mtu nje ya picha."

"Basi nani atabonyeza? Paka?" aliuliza Mama Pazia.

Chiriku alikuwa amekwisha kumpigia simu Fundi Miwani. Sauti kubwa ilisikika chumba kizima, ingawa fundi alikuwa dukani na mteja.

"Tafuteni alama ndogo ya saa kwenye kamera! Ukiichagua, ukabonyeza, inangoja sekunde kumi ndipo inapiga! Iwekeni mahali pasipotikisika, usawa wa macho ya mama! Mlenge mama kwanza, ndipo ukimbie!"

Hawakuwa na stendi ya miguu mitatu. Chiriku alileta kigoda. Mwokaji alipanga juu yake treyi nne za mikate. Kamera ikasimama, lakini ilikuwa inainama mbele.

"Unga," alisema Mama Pazia ghafla. "Leta kilo mbili za unga."

Mwokaji alishtuka. "Unga? Na lenzi?"

"Ndani ya mfuko, nitaufunga. Mimi si mjinga."

Alifunga pakiti ya unga ndani ya mfuko wa plastiki, akakaza fundo mara mbili, akaufuta kwa nje. Akaulaza juu ya treyi. Kamera ilikaa juu yake imara, kama kichwa kwenye mto.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Mwokaji aliwaonyesha mkewe na bintiye pa kukaa, akalenga jicho la Bibi, akabonyeza, akakimbia.

Picha ya kwanza ilipata mgongo wake tu, mkubwa, katikati.

"Hiyo ni mkate ulioungua, itupe," alisema Dada Mkubwa.

Picha ya pili, Mwokaji aliteleza kwenye kipande cha uzi wa cherehani. Aliangukia mapajani mwa Dereva. Dereva alipiga yowe. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dakika tano!" Dereva alisema, anafuta machozi ya kicheko. "Kaka, safari hii tembea tu."

Mwokaji alirudi kwenye kamera. Alitoa pumzi. Akabonyeza kama anabonyeza donge. Kisha alitembea, hakukimbia, akapiga goti karibu na mama yake.

"Fumbeni macho," Chiriku aliita. "Tano, nne, tatu, mbili, fumbueni!"

Kamera ikasema tik.

Dereva aliondoka saa kumi kamili. Bibi alimpungia mkono kutoka dirishani, kidogo tu, maana machozi yalikuwa yanataka kutoka na siku ilikuwa ya furaha.

Siku nane baadaye, Mwokaji alileta picha nyumbani, kubwa, ndani ya fremu. Aliingia nayo moja kwa moja kutoka kazini. Mama Pazia aliitundika ukutani. Pembeni yake waliweka ile picha ya zamani, ya sikio.

Bibi alivaa miwani. Alisogea karibu. Kidole chake kilipita polepole.

"Binti yangu. Mkwe wangu. Mjukuu wangu, huyu mdomo wazi. Kitinda mimba wangu." Kisha kidole kilisimama juu ya Mwokaji. Pichani alikuwa akicheka kwa meno yote, kichwa kimeinama upande. Kwenye nyusi zake kulikuwa na unga kidogo, hakuna aliyeuona siku ile.

Bibi alitazama picha ya zamani. Akatazama mpya. Akarudi kwenye ya zamani.

"Sikio ni lile lile," alisema.

"Sikio gani, mama?"

"La baba yenu. Na sasa namwona. Alikuwa anacheka hivi hivi, kichwa upande. Nimekutazama kila siku na sikuona. Kutwa umejaa unga, jioni umeficha uso nyuma ya kamera." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Uso wake huu hapa. Umerudi."

Mama Pazia alimshika bega. Mwokaji alifurahi na kulia pamoja.

Tangu hapo mambo yamebadilika mtaani kwao. Mwokaji hupiga picha za mapazia ya mkewe asubuhi za mapumziko, mwanga ukiwa laini, na wateja wanaona kila ua. Majirani huja na simu zao kuuliza mbona picha zao zina ukungu. Yeye huanza na swali moja: umefutia nini? Kipulizio na kitambaa laini vimening'inia kwenye msumari, pale palipokuwa na koti. Hajanunua lenzi ndefu, wala haitaki tena.

Lakini siku ile, mbele ya fremu, alitaka kuona lile sikio vizuri zaidi. Alinyoosha mkono, mweupe kwa unga wa siku nzima, akitaka kugusa kioo.

Bibi alimchapa kiganja.

"Kanawe kwanza," alisema.

Mwokaji akaenda kunawa.